Kompyuta Kando ya Piano: Jinsi Programu ya Kurekodi Inavyosaidia Mazoezi na Upigaji wa Kubuni

Mpiga piano anapopiga, akili yake imejaa kazi. Macho yako kwenye nota, vidole kumi vinatafuta mahali pa kutua, mguu wa kulia unavizia pedali, na kinachobaki kwa ajili ya sikio ni kidogo sana. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga kipande kimoja kila siku kwa mwezi mzima akiamini kwamba mapigo yake yametulia, hadi siku anaporekodiwa na kugundua kwamba kila anapofika kwenye kifungu chepesi anakimbia, na kila anapofika kwenye kodi ngumu (kodi za muziki, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za mamlaka ya mapato) anasita kidogo kama mtu anayeruka dimbwi. Mwalimu huyasikia hayo mara moja, lakini mwalimu hupatikana saa moja kwa wiki, na kwa wengi wetu hapatikani kabisa.

Programu za kurekodi muziki zinaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, ila mwanafunzi anayezifungua kwa mara ya kwanza hukutana na ukurasa wenye vitufe vingi kuliko chumba cha rubani. Sababu yake ni rahisi: Cubase, Logic, Reaper, Ableton Live na FL Studio, ambayo aliyewahi kukaa kwenye studio ya bongo fleva ameiona kwenye kioo, zilitengenezwa ili zitoe wimbo uliokamilika. Studioni kosa ni uchafu wa kusafishwa. Kwenye mazoezi kosa ndilo tunalolitafuta, na rekodi ambayo kosa lake limefutwa imepoteza kazi yake. Anayeshika tofauti hiyo atajikuta anahitaji vitufe kama sita tu, na ataacha vingine mia vikae.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni aina mbili za kurekodi, kwa sababu nyingi ya tabu za wanaoanza hutokana na kuzichanganya. Aina moja hurekodi sauti yenyewe: maikrofoni hushika mtikisiko wa hewa, na kompyuta huupima mara nyingi sana kwa sekunde, mara 44,100 kwa kiwango kilichozoeleka tangu enzi za CD. Kinachohifadhiwa ni kila kitu kilichosikika chumbani, pamoja na jogoo wa jirani. Aina ya pili ni MIDI, lugha ambayo vinanda vya kidijitali na kompyuta vimekuwa vikiongea tangu mwaka 1983, na ambayo waasisi wake wawili, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walitunukiwa Grammy ya kiufundi mwaka 2013. MIDI haibebi sauti hata kidogo. Inabeba taarifa za vidole: kibao kipi kimebonyezwa, saa ngapi, kwa kasi gani, na kimeachiwa lini. Kila kibao kina namba, C ya katikati ikiwa 60, na kasi ya kubonyeza hupewa alama kati ya 1 na 127. Hata pedali ya kulia ina namba yake, 64, na kila ulipoikanyaga na ulipoiachia panaonekana.

Kwa hiyo rekodi ya sauti hukuambia jinsi ulivyosikika, na MIDI hukuambia ulichofanya kwa mikono, na hayo ni mambo mawili tofauti. Niitoe mfano skeli ya F meja niliyoirekodi kwa mkono wa kulia, oktava mbili, nota nne kwa kila pigo, mapigo 80 kwa dakika. Kwa sikio ilikuwa skeli ya kuridhisha, labda na ukakasi fulani ambao nisingeweza kuueleza. Nilipofungua dirisha la nota, ambapo kila nota huonekana kama kijiti kirefu au kifupi kilicholala kwenye mistari, ukakasi ule ulikuwa na anwani. Nota nyingi zilikuwa na kasi ya 60 na kitu, lakini kila mahali gumba lilipopita chini ya vidole vingine, yaani kwenye C na kwenye F, alama ilipanda hadi 80 na zaidi. Tena nota iliyofuata gumba ilikuwa imechelewa. Kwa mwendo ule kila nota ina nafasi ya milisekunde 187 na nusu, na yangu ilikuwa inakula nafasi ya jirani yake. Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba gumba ni kidole kizito. Kuiona namba ya gumba langu mwenyewe ni habari nyingine. Siku zilizofuata sikufanya mazoezi ya skeli nzima, nilifanya mazoezi ya mapito yale mawili tu.

Mwenye piano ya nyuzi hana MIDI, na hapaswi kusikitika sana, kwani simu inatosha kuanzia. Inabidi tu ajue hila moja ya simu. Programu ya kawaida ya kurekodi maongezi hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa yenyewe, na hufuta kinachofanana na kelele, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayezungumza. Ukiitumia kwa piano, mpito wako wote kutoka kunong'ona hadi kunguruma utasawazishwa kama barabara iliyopitiwa na greda, na unaweza kuhitimisha kwamba huna tofauti ya nguvu katika upigaji wako wakati unayo, au kwamba unayo wakati huna. Itafutwe programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo, simu iwekwe umbali wa mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye piano, isilazwe juu ya mfuniko unaotetemeka, na kiwango kipangwe ukiwa unapiga sehemu yenye kishindo kuliko zote ili sauti isipasuke.

Kwa mwenye kinanda cha kidijitali, kebo moja ya USB kati ya kinanda na kompyuta kwa kawaida inatosha kwa MIDI. Hapo huzuka tatizo la pili linalowakatisha watu tamaa, nalo ni sauti kuchelewa. Kama unasikiliza sauti ya piano iliyomo ndani ya kompyuta, taarifa ya kidole husafiri hadi kwenye programu, programu huunda sauti, na sauti husubiri kwenye hifadhi ya muda iitwayo bafa kabla ya kutoka. Bafa ikiwa ya sampuli 1,024, yaani vipimo 1,024 kati ya vile 44,100 vya kila sekunde, kusubiri huko peke yake ni kama milisekunde 23; ikiwa ya 128, ni kama 3. Ili upate picha yake, sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo milisekunde 10 ni sawa na kusikiliza spika iliyo umbali wa mita tatu na nusu hivi. Hilo linavumilika. Mara mbili au tatu ya hapo, mkono huanza kusukumana na sikio, na mwanafunzi huanza kubonyeza mapema ili kufidia, yaani anajifunza kosa ambalo halikuwa lake. Ukishusha bafa kupita kiasi, kompyuta yenye nguvu ndogo itashindwa na sauti itakatikakatika kama redio yenye betri zilizochoka, kwa hiyo kila mashine ina kipimo chake cha kutafuta kwa kujaribu. Kwenye Windows, dereva (programu ndogo inayounganisha kompyuta na kifaa cha sauti) ya aina ya ASIO hupunguza ucheleweshaji kuliko zile za kawaida. Hedifoni za Bluetooth ziachwe kabisa kwa kazi hii, kwani mara nyingi ucheleweshaji wake huzidi milisekunde 100.

Kuna njia ya mkato ambayo naipendelea: usisikilize kompyuta kabisa unapopiga. Acha kinanda kitoe sauti yake chenyewe, kompyuta iwe karani anayeandika tu, na tatizo la kuchelewa linakuwa limeondoka. Ukisikia kila nota ikitoka mara mbili kama mtu anayesema akiwa ndani ya tangi la maji, maana yake kinanda na programu vyote viwili vinapiga, nyamazisha mojawapo.

Vifaa vikishatulia, utaratibu wenyewe wa mazoezi ni mfupi. Rekodi kifungu kifupi, vipimo vinane au kumi na sita (kipimo ni kundi moja la mapigo, mara nyingi manne), si kipande chote; ondoa mikono kwenye vibao; sikiliza mara moja ukiwa huna nota mbele yako na mara ya pili ukiwa nazo na penseli mkononi. Kusikiliza bila nota kwanza ni muhimu kwa sababu jicho likiiona alama ya kupiga kwa sauti ndogo, sikio hulifuata na kuamini kwamba imepigwa kwa sauti ndogo. Wanaorekodi saa nzima na kusikiliza juujuu hawapati kitu. Nami nimekuwa mmoja wao, na makabrasha yale ya sauti sikuyarudia hata siku moja.

Metronomu ya programu, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, hufanya jambo ambalo ile ya mbao, aliyoipatia hataza mvumbuzi Mjerumani Johann Mälzel mwaka 1815, haikuweza. Ibadilishe kuwa mlio uliorekodiwa kwenye mstari wake, kisha ufute mlio huo kwenye vipimo viwili, uache viwili, ufute viwili, na kuendelea. Sasa piga. Mlio unapotoweka unabaki peke yako, na unaporudi unakuta kama umefika pamoja nao, umetangulia au umebaki nyuma. Ukishaweza viwili, futa vinne. Zoezi hili linauma zaidi kuliko linavyoonekana kwenye maandishi, kwa sababu wengi wetu hatujui kushika mapigo, tunajua kuyafuata.

Kupunguza mwendo nako kumebadilika. Zamani ukipunguza mwendo wa tepu kwa nusu, sauti ilishuka oktava nzima na kila mwimbaji akawa zimwi. Programu za leo hutenganisha mwendo na uzito au wembamba wa sauti, hivyo unaweza kusikiliza kifungu cha mpiga piano unayemhusudu kwa asilimia 70 ya mwendo katika ufunguo uleule na kukifuatilia nota kwa nota. Ukishuka chini ya nusu, rekodi ya sauti huanza kulegea, na kishindo cha nyundo kugonga waya hutawanyika. MIDI haina udhaifu huo hata ukiishusha hadi robo, kwa sababu hapana sauti ya kuvutwa. Kinachobadilika ni ratiba tu.

Kitufe kimoja ningekifunika kwa plasta. Programu zote hizi zina amri ya kwantaizi, inayozihamisha nota zote hadi kwenye mstari wa mapigo ulio karibu. Kwa mtayarishaji wa muziki ni neema. Mwanafunzi akiibonyeza baada ya kurekodi anasikia mtu mwingine akipiga, mtu asiyewahi kuchelewa, na hiyo ndiyo rekodi atakayomtumia rafiki yake. Sisemi kwamba ni dhambi. Ila isiitwe mazoezi.

Upande wa kubuni papo kwa papo ndiko programu inakokuwa na manufaa makubwa zaidi, na hatari pia. Mpiga kinanda wa kwaya Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi anaijua hali hii: mashairi yamekwisha, sebene imeanza, kodi zilezile tatu au nne zinazunguka, na anatakiwa aseme kitu kipya kila mzunguko. Nyumbani hana gitaa la besi wala mpiga ngoma. Basi arekodi mkono wa kushoto peke yake, besi na kodi, vipimo vinane vya mapigo manne, katika F, kwa mapigo 100 kwa dakika, na aiamuru programu irudie kipande hicho bila kukoma. Mzunguko mmoja utachukua sekunde 19 na kidogo. Katika robo saa atakuwa ameupitia mara 46 au 47. Hakuna bendi itakayokuvumilia hivyo.

Kisha lije suala la funguo. Kitufe cha kuhamisha sauti kwenye vinanda kimelea kizazi cha wapigaji wanaojua C peke yake, ambao kiongozi wa kwaya akipandisha wimbo wao hubonyeza kitufe mara mbili na kuendelea kupiga C. Kwenye kompyuta kitufe hichohicho kinaweza kufanya kazi kinyume: hamisha usindikizaji uliorekodi, usihamishe mkono wako. Upandishe nusu-hatua tano (kila moja ni kutoka kibao hadi jirani yake, cheupe au cheusi), kutoka F hadi B-bemoli, kisha tano nyingine hadi E-bemoli, na baada ya kuhamisha hivyo mara kumi na mbili utakuwa umezunguka funguo zote na kurudi nyumbani. Usindikizaji hauna taabu yoyote. Taabu yote iko kwenye vidole, mahali inapostahili kuwa.

Hatari niliyoitaja ni hii: mwenzako aliyerekodiwa hakusikilizi. Ukipandisha nguvu, hapandi, ukinyamaza, hajali. Mwaka 1963 Bill Evans, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alirekodi albamu nzima akiwa peke yake, piano tatu zikiwa zimewekwa juu ya nyingine, na anayejaribu jambo hilo nyumbani hutambua upesi ugumu wake: safu ya kwanza haiwezi kujua ya tatu itasema nini, kwa hiyo aliyepiga ya kwanza lazima awe ameacha nafasi kwa ajili ya maneno ambayo bado hayajafikiriwa. Wapigaji wengi wa nyumbani hawaachi nafasi. Hujaza kila pigo katika usindikizaji, kisha hujaza kila pigo juu yake, na matokeo ni soko siku ya gulio.

Dawa ninayoitumia imetoka kwenye ngoma na nyimbo zetu za kazi, ambamo mmoja huita na wengine huitikia. Rekodi wito wa vipimo viwili kwa mkono wa kulia, uache vipimo viwili vitupu, wito mwingine, vipimo viwili vitupu, mpaka nyito nne. Acha siku moja au mbili zipite ili usahau ulichopiga. Ukirudi, washa rekodi na uitikie kwenye nafasi zile tu. Sasa unalazimika kusikiliza kabla ya kupiga, na mwitikio wako unalazimika kuwa na uhusiano na ulichokisikia: uige mdundo wake lakini ubadilishe nota, au uchukue nota yake ya mwisho uianzie hapo. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuta miitikio yangu mitatu kati ya minne ilianza kabla wito haujaisha. Nilikuwa namkatiza msemaji, na msemaji alikuwa mimi.

Dirisha la nota husaidia hapa kwa namna ambayo sikio haliwezi. Rekodi mizunguko kumi ya kubuni, kisha usisikilize, tazama tu. Ukiona kila kundi la vijiti linaanza kwenye pigo la kwanza la kipimo, au kila sentensi inaishia kwenye nota ya nyumbani ya ufunguo, au vijiti vyote vimebanana ndani ya oktava moja na nusu kuanzia C ya katikati, umepata ramani ya mazoea yako. Zoezi la kesho linajiandika lenyewe: ni marufuku kuanza kwenye pigo la kwanza.

Kuna pia kizuizi cha taa nyekundu. Mtu aliyekuwa anapiga vizuri hubadilika mara anapobonyeza kitufe cha kurekodi. Mabega hupanda, na wazo lililokuwa linakuja hurudi lilikotoka. Baadhi ya programu zimelitatua hili kwa kukumbuka MIDI uliyopiga hata kabla hujaamuru kurekodi. Cubase inacho kipengele hicho, Logic pia, na Ableton Live ilikiongeza katika toleo lake la 10 mwaka 2018. Unapiga kwa uhuru, na likitokea jambo zuri unabonyeza kitufe baada ya tendo, nalo linaonekana kwenye kioo. Kwa ajili ya kubuni, sijui kipengele chenye thamani zaidi ya hiki, na inashangaza jinsi kisivyotajwa kwenye mafunzo ya wanaoanza.

Ukitaka kuandika ulichobuni kwa nota, programu kama MuseScore hupokea faili la MIDI na kulichora, lakini jiandae kwa mchoro wa kutisha kama hukupiga ukifuata metronomu: mashine huandika kila kuchelewa kwako kama mdundo wa makusudi, na wimbo mwepesi hugeuka msitu wa alama. Hapa, na hapa tu, ningeruhusu plasta ibanduliwe kwenye kitufe cha kwantaizi, tena kwenye nakala.

Kuhusu uchaguzi wa programu sina maneno mengi. Mwenye kompyuta ya Apple ana GarageBand bila malipo. Kwenye Windows, Reaper hujaribiwa kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni ya bure na inafaa sana kwa sauti, lakini hairekodi MIDI, na wengi hupoteza jioni nzima wakitafuta kitufe ambacho hakipo.

Mwisho ni nafasi. Dakika moja ya sauti ya stereo isiyobanwa hula megabaiti 10 na ushei, hivyo nusu saa ya mazoezi kila siku itakula gigabaiti tisa na nusu hivi kwa mwezi, ilhali MIDI ya nusu saa hiyohiyo ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Mimi hufuta sauti kila Jumapili na kuhifadhi MIDI zote, kila faili likiwa na tarehe, ufunguo na mwendo kwenye jina lake. Mwendo usisahaulike, kwa maana skeli ya mapigo 80 na ya mapigo 96 hazilinganishiki, na bila namba hiyo utajikuta miezi sita baadaye unajipongeza, au unajilaumu, kwa sababu tu siku ile ulikwenda polepole au uliharakisha.